Herufi Mbili za Mstari wa Tisa

Al Qusais, Dubai
17 Januari 2025

Baba yangu, shikamoo.

Huku tu wazima wote, mimi na hawa watano ninaolala nao chumba kimoja. Baridi ya mwaka huu ni ya sweta asubuhi, na Ibra wa Tanga amenunua mpaka soksi za mikononi, tumemcheka hadi akazivua. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu Krismasi nilipokupigia simu nilipaza sauti mpaka mlinzi akaja kugonga mlango, na wewe hukusikia ila neno "kuku". Ulikataa nimtumie mjukuu ujumbe akusomee, basi tuendelee na Posta. Shangazi Ma Emiliana nisalimie sana. Mwambie kwamba miwani yake nimeipata.

Habari kubwa ni kwamba nimetoka ghalani. Miaka sita nimebeba makatoni hapa Free Zone ya uwanja wa ndege, leo nimekalishwa kwenye kiti. Kampuni iliyo ghorofa ya juu yetu hutengeneza ramani za kompyuta, na imepata kazi kutoka nyumbani: kuyaweka kwenye ramani makaburi ya jeshi, ya wale waliokufa vita vya Kagera. Walitaka mtu anayesoma Kiswahili, na Khalfan wa Unguja, aliyekuwa tayari huko juu, akanitaja. Msimamizi wetu ni Rawan, binti wa Kijordani asiye na maneno mengi.

Tumeletewa picha zilizopigwa kutoka angani na droni, pamoja na picha ya kila jiwe. Ninasoma jiwe, ninalilinganisha na daftari la zamani, kisha ninaweka nukta juu ya kaburi. Nukta ya kijani maana yake jina limethibitishwa. Ya njano maana yake kuna shaka. Na makaburi yenyewe, Baba, ni yetu ya Rwakahinda, pale tunapopita tukienda Muleba. Nimeuona na ule ukingo wa mikaratusi. Nilikaa nikiutazama mpaka Khalfan akaniuliza kama nimelala.

Mhaya hapa ni mimi peke yangu, kwa hiyo kazi ya L na R ni yangu. Karani aliyeandika daftari lile masikio yake hayakuzitofautisha. Rutashobya kamwandika Lutashobya, Rwegasira kawa Lwegasila, na aliyechonga mawe kaandika vilevile. Nawarudishia R zao mmoja mmoja.

Sasa cheka. Mstari wa tisa, kaburi la kumi na nne, nimekukuta wewe! FRANSISI LWECHUNGULA KAIJAGE, mgambo, Biharamulo, Machi 1979. Majina yote matatu. Khalfan anasema nikuulize huko uliko kama chai ipo. Nakumbuka uliwahi kufanya uashi Biharamulo. Ulikuwa na wajina wako huko? Niambie ni wa ukoo gani nimpe R zake.

Mwanao,
Pius


Parokiani, Muleba
20 Februari 2025

Mwanangu Pius, marahaba.

Barua yako imefika ikiwa imefunguka pembeni na kubandikwa gundi, kwa hiyo aliyeisoma njiani sasa anajua habari za soksi za Ibra. Sisi hatujambo. Mvua imechelewa. Migomba ya bondeni imeingiwa na mnyauko, nimeikata yote na kuichoma, na sasa nikisimama mlangoni naona mpaka kwa jirani, jambo ambalo sikulitaka. Mbuzi mweusi amezaa pacha. Padri mpya ni kijana, anahubiri haraka haraka nami sipati kitu, lakini nakaa mbele ili asijue.

Ma Emiliana anaisubiri miwani. Anasema akiipata atanisoma usoni, maana hajaniona vizuri tangu mwaka juzi.

Nimefurahi umepata kiti. Usikae umejikunja, utakuja kutembea kama mimi. Na usiniandikie tena kwa kalamu nyekundu, macho yangu hayaipendi.

Baba yako,
Fransisi Rwechungura


Al Qusais
14 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Hii ni kalamu ya bluu. Pole kwa migomba. Ni Ramadhani hapa, tunafunga ofisi mapema, na ikifika saa nane Khalfan hasemeshwi. Miwani nimempa Rosina wa Bukoba, yule anayefanya kazi hotelini Al Rigga. Akija likizo mwezi wa tano ataileta mwenyewe.

Baba, umenijibu habari za mbuzi, za padri na za jirani. Kaburi hukulijibu.

Mimi nilidhani ni mzaha tu. Lakini nimelirudia daftari. Mtu wa mstari wa tisa alizaliwa mwaka 1954, kama wewe. Kazi yake fundi mwashi, kama wewe. Namba ya kadi yake ya mgambo ilitolewa Biharamulo. Baba yake ni Kaijage wa Muleba. Mahali pa ndugu wa karibu wameandika "hawakupatikana". Babu Kaijage tunamjua ni mmoja, na Fransisi wake ni mmoja, naye ndiye aliyenipeleka shule kwa baiskeli.

Jana Khalfan alisimama nyuma yangu. "Wee Pius, mbona hiyo nukta huigusi? Yalla bwana, ipake kijani twende zetu." Nikamwambia mwenye jina hilo mzima, ana mbuzi pacha. Hakucheka tena. Rawan naye akasikia, akaja akaitazama, akasema kama kuna shaka basi ndugu aandike maelezo, yapigwe muhuri wa mtendaji wa kijiji, yafike kabla ya tarehe thelathini Juni. Siku hiyo daftari jipya linafungwa. Kitakachokuwa kimeandikwa ndicho watakachokisoma watu.

Kuna mtu amelala pale kwa jina lako. Ni nani?

Pius


Muleba
19 Aprili 2025, Jumamosi Kuu

Pius, marahaba. Pasaka njema kwako na kwa wenzako. Mvua imekuja.

Ni mdogo wangu. Anaitwa Pius. Wewe nilikupa jina lake.

Tulikuwa naye Biharamulo, mimi fundi, yeye akinichanganyia saruji. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwezi wa kumi na moja mwaka 1978 mgambo wote waliopata mafunzo waliitwa, na mimi nilikuwa nimepata. Siku ile nilikuwa na homa, siwezi kusimama. Pius akaichukua kadi yangu, akavaa koti langu, akaenda. Kadi za wakati ule nyingine hazikuwa na picha. Aliondoka na gari la asubuhi, sikumwona tena.

Nilirudi nyumbani. Mama yangu akaniuliza mwenzako yuko wapi, nikasema amekwenda Mwanza kutafuta kazi. Siku zikapita, nikasema nimesikia amevuka Kampala. Neno likishatoka halirudishwi mdomoni, mwanangu. Mama alimsubiri, kisha akamkasirikia. Alikufa mwaka 2001 akimwita mtoro aliyeitupa nyumba yake. Ma Emiliana mpaka leo akisikia mtoto amemsahau mama yake husema "huyo kama kaka yangu Pius".

Sasa umejua. Acha kama ilivyo. Ana jiwe, ana mstari, nyasi hukatwa. Wapo wasio na hata hilo. Maelezo siandiki, na shangazi yako asijue.

Baba yako


Al Qusais
9 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako ndani ya treni nikapitiliza vituo vitatu.

Bibi hakuniita Pius hata siku moja. Aliniita "wewe wa Fransisi". Wajukuu wote aliwaita kwa majina yao, mimi tu ndiye "wewe wa Fransisi, njoo ule". Nilikuwa na miaka kumi na sita alipokufa, na nilimzika nikiwa na wazo kwamba hakunipenda. Ulikuwa umekaa palepale jikoni, Baba. Ulikuwa unasikia. Neno moja tu lingetosha.

Nina jambo la pili, nalo limeninyima raha kuliko la kwanza. Niliikuza picha ya lile jiwe ijae kioo chote, nikaweka barua yako pembeni. G yako ina mkia unaopinda kama ndoano. N yako mguu wa mwisho ni mrefu, unashuka chini ya mstari. Baba Paroko alikuwa akikutania kwa ajili ya hiyo N. Kwenye jiwe iko hivyohivyo. Nikapitia mawe mengine ya mstari wa tisa, na wa nane, na wa kumi. Yote ni mkono wako.

Wewe ndiye uliyeyaandika. Nami miezi minne nimekuwa nikimlaumu karani peke yake.

Wewe ni Mhaya. Unajua Rutashobya ni Rutashobya. Na jina lako mwenyewe unalijua tangu darasa la kwanza. Kwa nini umeliandika kwa L, tena mara mbili?

Rawan nimemwambia ukweli, kwamba jina la mstari wa tisa si la aliyelala pale. Sikuweza kupaka kijani juu ya uongo nikiujua. Nukta ni ya njano. Inasubiri maelezo yako, na siku ni hamsini na mbili.

Halafu, Baba, ile homa. Niambie ilikuwa ya siku ngapi.

Pius


Muleba
11 Juni 2025

Mwanangu Pius.

Hii siitii Posta. Nampa Rosina mkononi, ameahidi kuwa huko tarehe ishirini. Ameleta miwani, shangazi yako anaivaa hata akioga. Maelezo yenye muhuri yamo ndani ya bahasha hii. Mtendaji alipiga muhuri bila kusoma, nami sikumhimiza asome.

Sikuwa na homa.

Niliogopa. Nilijificha chini ya kitanda, fundi mzima wa miaka ishirini na minne, na mdogo wangu akawa ananisemesha kutoka juu. Nilikuwa nimesikia walivyouawa watu wa ng'ambo ya mto Kagera. Pius akasema, "Kaka, mimi sina mchumba wala kazi. Lete kadi." Hakunidharau. Laiti angenidharau. Nikatoa mkono wenye kadi uvunguni, sikutoka hata kumuaga.

Sasa la jiwe. Mwaka 1980 walitafuta mafundi wa kumwaga kwa saruji mawe ya makaburi ya Rwakahinda. Misalaba ya kwanza ilikuwa ya mbao, iliandikwa kwa lami, mchwa wakaanza kuila. Nilienda kwa sababu ni kazi. Wakati huo nilikuwa bado namsubiri Pius, Mungu ni shahidi. Nilijisemea amekamatwa, au amepata mke huko Uganda, ndiyo maana ule uongo wa Kampala haukunitesa sana. Niliuona kama unaweza kuwa kweli.

Msimamizi alitupa orodha, akasema andikeni kama ilivyo, msibadili hata nukta. Tulikuwa tunaandika kwa msumari, saruji ikiwa bado mbichi. Mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa nane. R zilizokosewa niliziona, nikaziacha, kwani nimeambiwa. Wa tisa, la kumi na nne, nikasoma jina langu.

Ndivyo nilivyopata habari ya msiba, Pius. Sikuletewa na mtu. Niliisoma mwenyewe nikiwa nimeshika msumari.

Saruji haingoji. Ikikauka huandiki tena. Nilikuwa na dakika chache za kuinuka na kusema huyu si Fransisi, Fransisi ni mimi. Wangeniuliza mbona uko hapa. Basi nikaandika. Nilipofika kwenye R mkono ukataka kuandika R, nikauzuia. Nikajiambia, nikiandika L, huyu Lwechungula ni mtu mwingine, simjui, wala si mimi wala si Pius. Hizo L mbili zimenilaza usingizi miaka arobaini na mitano. Orodha ilikuwa na L, hilo ni kweli. Lakini nilikuwa nazitaka.

Kuhusu bibi yako na jina lako sina la kujitetea. Nilisikia kila mara.

Mpe jina lake. Pius Kaijage. Shangazi yako nitamwambia mwenyewe nikipata nguvu.

Baba yako,
Fransisi


Al Qusais
18 Julai 2025

Baba, shikamoo. Barua yako nimeipokea jana.

Rosina alizuiwa uwanja wa ndege wa Dar, karatasi zake za ruhusa zilikuwa na kasoro, kafeel wake huku, yaani mdhamini wa ajira yake, akachelewa kuzirekebisha. Amefika tarehe kumi na sita Julai akilia kwa kuomba radhi, wala hajui alichokuwa amebeba. Nilimwambia si kitu, Dada Rosina, ni habari za mbuzi.

Daftari lilifungwa tarehe thelathini Juni.

Sijui nikuandikieje hili. Nilipomwambia Rawan kwamba jina si la aliyelala pale, nilidhani nukta itabaki ya njano mpaka wewe ujibu. Utaratibu hauko hivyo. Jina lililopingwa, na maelezo hayakufika, huondolewa. Nimefungua ramani leo mbele ya Rawan. Mstari wa tisa, kaburi la kumi na nne: ASKARI, JINA HALIJULIKANI.

Wewe ulimpa jina lisilo lake. Mimi nimemwacha bila jina lolote. Nimekulaumu kwa ukali katika barua ile ya Mei, na kumbe nilikuwa nikimfuta kwa mkono wangu mwenyewe, nikijiona mkweli.

Alikaa kwenye kiti cha Khalfan, akaniomba nimsomee barua yako yote, nikimfasiria. Nilipomaliza hakusema khalas, imekwisha. Alisema babu yake alizikwa mahali ambapo sasa ni barabara, na nyumbani kwao kila mtu anaonyesha barabara tofauti. Kisha akaandika ombi la marekebisho palepale. Wenye kazi huko nyumbani wanasema litafikiriwa kwa sharti moja: ndugu mwenyewe afike makaburini mwezi wa nane tarehe thelathini, watakapoyapitia yenye utata, aseme mbele ya afisa, pamoja na ndugu wa pili wa kushuhudia.

Ndugu wa pili aliyebaki ni mmoja, Baba. Unamjua.

Nisamehe.
Pius


Muleba
3 Septemba 2025

Mwanangu Pius, marahaba.

Usiniombe radhi tena, utanifanya nicheke vibaya. Kosa lako lilikuwa la wiki mbili.

Nilimwita shangazi yako siku ya Jumapili baada ya misa. Nikampa kahawa ya kutafuna, akaitia mdomoni, nikamwambia yote, kuanzia uvungu wa kitanda. Ilinibidi niseme kwa sauti kubwa kwa kuwa mimi mwenyewe sijisikii, kwa hiyo nadhani jirani naye amejua, maana migomba haipo. Ma Emiliana aliitema ile kahawa mkononi. Akaniuliza, "Mama alikufa akimlaani, na wewe umeshika taa?" Nikasema ndiyo. Akaondoka.

Siku tano hakupita mbele ya nyumba yangu, hata maji alikwenda kuchota upande wa juu. Siku ya sita watu wakaniambia kwake hakuna anayeshika jembe, amekaa chini kwenye nyasi, wanawake wamemzunguka. Alikuwa amemwekea Pius matanga. Nilienda. Hakunifukuza, hakunisalimu. Nilikaa mlangoni siku zote nne nilizopaswa kukaa mwaka 1979, na waliokuja kutoa pole walimpa yeye.

Tarehe thelathini asubuhi alikuja amejifunga kitambaa kiunoni, kavaa miwani yako. Akasema, "Twende unionyeshe."

Rwakahinda tulikuta familia kama kumi. Afisa ni kijana mstaarabu, ana kile kioo cha ramani mkononi na kipaza sauti, hivyo hata mimi nilisikia. Alikuwa anasimama kwenye kila kaburi lenye utata na kuita jina lililo kwenye jiwe, ili ndugu wajitokeze. Mimi na shangazi yako tulikuwa tumesimama mstari wa tisa. Ma Emiliana alikuwa ameshayapapasa maandishi kwa kidole, ameifikia ile L ya kwanza, akaacha kidole hapo.

Afisa akafika. Akaita, "Fransisi Lwechungula Kaijage!"

Nikasogea mbele, nikasimama wima kadiri mgongo ulivyoniruhusu, nikajibu, "Nipo."

Akanitazama, akashusha kipaza sauti. "Mzee wangu, hilo nililoliita ni jina la marehemu."

Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Hilo ni langu. Aliyekwenda ni Pius."

Baba yako,
Fransisi Rwechungura